Kutoka Makadara Hadi Ukingo wa Longonot

Wakazi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo na Jericho, wameishi na reli tangu mitaa hiyo ilipojengwa. Wengine huamshwa na sauti ya treni, wengine huivuka njia yake wakienda sokoni, na wako ambao baba zao na babu zao waliletwa mjini na kazi ya reli yenyewe. Hata hivyo, wengi wamekuwa watu wazima bila kuipanda treni kwa jambo lolote ila kwenda kazini, au kurudi kwao kuzika. Kuipanda kwa ajili ya kuitazama nchi tu, na viatu imara miguuni na chupa ya maji begani, ni jambo ambalo wengi wangelicheka.

Jambo hilo ndilo lililofanywa na watu sita wa Kaloleni na mitaa ya jirani katika mwezi wa Februari, 2025. Walikuwamo karani mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, fundi wa kuchomelea vyuma wa Kamukunji, na msichana aliyekwisha maliza kidato cha nne. Wa sita alikuwa babu yake msichana huyo, mzee wa miaka sabini, aliyeajiriwa katika gengi la reli mwaka 1976, wakati reli ilipokuwa bado ni mali ya Afrika Mashariki nzima. Watu hao walikuwa wameweka akiba ya shilingi 200 kila mmoja kwa juma, kwa majuma kumi na tano, hata kila mtu akawa na shilingi 3,000 za safari. Hawakukopa, wala hawakumwomba mtu. Shauri lao lilikuwa kwenda kwa treni hadi Mai Mahiu, kulala chini ya mlima wa Longonot, kuupanda asubuhi ya Jumapili, na kurudi mjini siku hiyo hiyo.

Jumamosi alfajiri walikutana katika stesheni ya Makadara, wakapanda treni ya kuelekea upande wa Syokimau, na huko wakahamia treni kubwa ya Suswa. Njia hii ya pili ni mpya. Ina urefu wa kilomita 120 hivi kutoka Nairobi, nayo ilianza kubeba abiria mwezi wa Oktoba, 2019. Kwanza hupita juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi kwa daraja refu la zaidi ya kilomita sita, hata abiria akiinama dirishani huweza kuwaona twiga na punda milia wakila majani chini ya nguzo. Halafu hupita Ongata Rongai na Ngong, na baadaye huingia ndani ya ardhi katika shimo la urefu wa kilomita nne na nusu lililochimbwa kupita chini ya vilima.

Mzee yule alikaa kimya muda wote treni ilipokuwa katika giza la shimo. Walipotoka katika mwanga alisema, "Sisi tulishuka ukuta huu kwa kuuzunguka. Hawa wameutoboa."

Maneno yake yalikuwa na historia ndani yake. Reli ya kwanza ilifika Nairobi tarehe 30 Mei, 1899, mahali palipokuwa tambarare yenye maji na majani tu. Kutoka hapo wajenzi walipanda mpaka Kikuyu na Limuru, wakafika ukingoni mwa Bonde la Ufa, na ukingo huo ukawa tatizo kubwa. Ardhi huanguka ghafula kwa mamia ya mita, na treni haiwezi kushuka mahali penye mteremko mkali kama ule. Kwa muda, kabla ya njia ya kudumu kwisha, mabehewa yalishushwa kwa kamba nene za chuma katika njia za mteremko, moja baada ya jingine, na vifaa vya kujengea reli ya mbele vikapita namna hiyo. Mwezi wa Desemba, 1901, reli ilifika kwenye ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo. Baadaye, katika miaka ya 1940, sehemu ya njia ile ya ukingoni ilibadilishwa ili mteremko upungue. Njia hiyo ya zamani ingali ipo upande wa Kijabe, nayo ndiyo aliyoitunza mzee na wenzake, ingawa sehemu ya gengi lake ilikuwa karibu zaidi na Nairobi.

Treni iliposhuka bondeni, mwalimu alisimama dirishani akawaeleza wenzake jinsi nchi ile ilivyopata kuwa vile. Zamani za kale sana ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuvutwa pande mbili, nayo ingali yavutwa hata leo, polepole mno. Kitu kinachovutwa hupasuka. Hapa katikati palipopasuka pakadidimia, ndipo likapatikana bonde, na kuta zake zikabaki zimesimama mashariki na magharibi. Katika nyufa za chini moto wa ardhi ulipata njia ya kutokea, ukatapika mawe yaliyoyeyuka na majivu, na kila mahali ulipotapika sana pakainuka mlima. Suswa ni mlima wa namna hiyo, na Longonot vilevile. Majivu yale yalienea kote bondeni, na ndiyo udongo wa nchi ile mpaka leo: ni mwepesi, wa rangi ya kijivu, na huchimbwa na maji upesi kama unga unavyochimbwa kwa kidole. Mwezi wa Machi, 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunuka karibu na Suswa ukaikata barabara ya kwenda Narok, na dunia nzima ikapata habari zake.

"Basi ni nchi isiyotaka maji ya haraka," akasema muuguzi.

"Ndivyo ilivyo," akajibu mzee. "Maji hapa lazima uyaonyeshe njia, la sivyo yatajitafutia."

Walipokwisha kula chakula cha mchana katika mji wa Mai Mahiu, mzee alitoa ombi lake. Alitaka kabla ya kwenda Longonot wapitie Kamuchiri.

Wasomaji watakumbuka habari za kijiji hicho. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, katika masika makali yaliyoleta hasara katika nchi nzima, maji mengi yaliteremka kutoka upande wa Kijabe yakakifagia kijiji watu wakiwa usingizini. Watu zaidi ya 45 walikufa, na nyumba nyingi hazikuachiwa hata msingi. Mwanzoni ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye wakubwa wa Serikali wanaohusika na maji walieleza kwamba halikuwa bwawa. Chini ya tuta la reli ya zamani palikuwa na njia ya kupitishia maji, nayo ilikuwa imezibwa na matope, mawe na miti. Maji yakakusanyika nyuma ya tuta kana kwamba ni bwawa kweli, hata yaliposhindwa kukaa yakapasua na kutoka yote mara moja.

Karani hakulipenda shauri la mzee. Alisema kwa heshima, lakini bila kuficha, "Mzee, tumejinyima majuma kumi na tano ili tupumzike. Hatukuja kuhani matanga. Na miezi kumi imekwisha pita. Tutakwenda kuwatazama watu wale kama wanyama wa mbugani?"

Fundi na mwalimu walinyamaza, maana maneno ya karani yalikuwa na haki ndani yake. Kwenda kutazama msiba wa mtu si adabu.

Mzee akamjibu, "Mwanangu, aliyefiwa hahesabu miezi. Tena mimi siendi kutazama. Nimefanya kazi ya kusafisha kalvati miaka mingi, na sijapata kuona kalvati lililoziba likifanya nini. Nikifa bila kuona, nitakuwa sikuijua kazi yangu."

Basi walikwenda. Walinunua unga, sukari na majani ya chai, wasifike mikono mitupu. Walikuta bonde dogo lililopauka, limejaa mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, na miti iliyong'olewa na mizizi yake. Mahali pengine majani mabichi yalikuwa yamekwisha kuota kati ya mawe. Mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya mahali hapo aliacha jembe lake akawasalimu, akapokea zawadi, akawakaribisha kivulini. Hakuna aliyemwuliza habari za usiku ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyezianza alipomwona mzee akiinua macho kutazama tuta la reli lililo juu.

"Tumezoea kulala chini ya reli," alisema. "Usiku ule niliposikia mngurumo nilidhani ni treni ya mizigo. Nikageuka upande wa pili nilale. Kisha nikakumbuka kwamba treni haiji na harufu ya udongo."

Alikimbia na watoto wake mpaka kwenye kilima. Jirani zake wa upande wa chini hawakuwahi.

Mzee aliinamisha kichwa. Baada ya muda alianza kueleza, si kwa mama yule hasa, bali kama mtu anayejisemea mwenyewe. Alisema kwamba katika siku zake kila daraja na kila kalvati katika sehemu ya gengi lilikuwa na namba, na nyapara alizijua namba zile kama baba anavyojua majina ya watoto wake. Watu wa gengi walitembea kwa miguu juu ya mataruma, wakikaza misumari, wakishindilia kokoto, na kila kabla ya masika walishuka chini ya tuta na majembe na mapanga kuondoa matope. Kazi hiyo hakuna aliyeipenda. Ilikuwa na nyoka na uvundo, na hakuna abiria aliyewahi kuiona. Magengi yalipopunguzwa miaka ilivyopita, mambo yanayoonekana yaliendelea kufanywa. Yasiyoonekana yalingoja.

"Kalvati halina kelele," alisema. "Chuma kikilegea, treni itapiga kelele na dereva atapeleka habari. Kalvati likiziba hunyamaza tu, mwaka huu, mwaka ujao. Siku likisema, limesema mara moja."

Mama yule alimtazama, akamwuliza, "Baba, wewe ndiye uliyekuwa ukisafisha hapa?"

"Hapana, mama. Sehemu yangu ilikuwa mbali na hapa. Lakini kazi ni ile ile."

"Basi waambie walio hai," akasema mama.

Hayo ndiyo yaliyosemwa Kamuchiri. Walipoondoka karani alibeba mfuko wa mzee bila kuombwa.

Usiku walilala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu penye maduka ya Longonot, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa langoni mwa hifadhi. Mlima wa Longonot ni wa urefu wa mita 2,776 kutoka usawa wa bahari. Ukiutazama kwa mbali huonekana kama chungu kilichovunjwa mdomo, na jina lake ni la Kimaasai, lenye maana ya matuta mengi yenye miteremko, maana ubavu wake wote umechongwa na mifereji ya mvua. Kutoka langoni mpaka ukingo wa kinywa cha mlima ni mwendo wa kilomita tatu hivi. Mwanzo wake ni mwepesi, kati ya miti ya miiba na makundi ya punda milia na swala, lakini sehemu ya mwisho humwinua mtu kama ngazi, na majivu laini huteleza chini ya kiatu, hata hatua tatu zikawa mbili.

Mzee alipanda polepole, akitumia fimbo, akipumzika kila alipotaka. Muuguzi alitembea nyuma yake muda wote bila kumharakisha. Vijana waliotoka mjini kwa mabasi, na redio begani, waliwapita wakicheka; baadaye wakaonekana wamekaa kando ya njia, wamekwisha maji, na mzee akawapita kwa salamu. Ilipata saa tatu walipofika juu.

Hapo palipo juu mtu husimama ghafula, kwa kuwa ardhi inakwisha mbele ya miguu yake. Kinywa cha mlima ni shimo la mviringo, pana sana, na ndani yake chini kabisa mna msitu mzima wa kijani, umefungwa pande zote na kuta za mawe. Katika kuta hizo, mahali pengine, mvuke mweupe hutoka polepole asubuhi ya baridi, kuonyesha kwamba moto wa chini haujazimika. Yasadikiwa kuwa mlima huo ulitapika mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Upande wa kaskazini magharibi ziwa la Naivasha hung'aa kama bati jipya. Magharibi huonekana mvuke wa Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 joto hilo hilo la ardhini limekuwa likitumiwa kutengeneza umeme, na bila shaka taa nyingi za Kaloleni na Jericho huwaka kwa nguvu zake. Kusini ni Suswa, na mashariki ni ule ukuta mrefu wa bonde.

Njia ya kuuzunguka ukingo ni kilomita saba na zaidi kidogo, yenye kupanda na kushuka. Wanne walikwenda kuizunguka, na msichana akitangulia mbele. Magoti ya mzee yalikataa, na karani, aliyekuwa akiisema safari hiyo ya kuzunguka tangu majuma kumi na tano yaliyopita, alisema kwamba yeye pia atabaki. Wakakaa wawili juu ya jiwe, wakala viazi vitamu na mayai.

Baada ya kitambo karani akasema, "Mzee, nionyeshe reli."

Mzee akanyosha fimbo yake kuelekea mashariki. Kwanza karani hakuona kitu ila msitu na mashamba juu ya ukuta wa bonde. Kisha akauona mstari mwembamba kama uzi, uliolala ubavuni mwa mlima, ukienda na kupinda, ukipotea na kutokea tena. Na chini ya uzi huo akaliona kovu la kijivu likishuka bondeni. Kwa mbali vile, kovu lilikuwa dogo kuliko ukucha.

"Watu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta," mzee alisema. "Ni kweli. Lakini reli ilinifundisha na upande wa pili wake. Liko tundu ambalo ukiliacha lizibe, utalia. Mtu mwenye akili hujua lipi la kuziba na lipi la kuzibua."

Wenzao waliporudi baada ya saa tatu, wamejaa vumbi na furaha, msichana alimkuta babu yake amelala usingizi juu ya jiwe, na karani amekaa akimkinga jua kwa koti lake.

Walirudi Nairobi kwa matatu, kwa barabara ya zamani inayopanda ukuta wa bonde. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kando yake liko kanisa dogo sana walilojijengea mwaka 1942, ambalo lingali limesimama. Watu waliokuwa mateka mbali na kwao waliweza kujenga kitu kikadumu zaidi ya miaka themanini. Fundi wa Kamukunji alilitazama dirishani mpaka likapotea, akasema ni lazima yuko mtu aliyekuwa akizibua mifereji yake.

Kwa wasomaji wanaotaka kuifuata safari hii, yafaa wakumbuke mambo machache. Treni ya Suswa haiendi kila wakati, basi ulizeni siku na saa zake kabla ya kufunga mizigo. Kila mtu achukue maji lita mbili au zaidi, kwa kuwa mlimani hakuna bomba wala duka. Kofia na viatu vyenye meno ni bora kuliko nguo za fahari. Msipande alasiri, wala msiingie katika makorongo ya nchi ile wakati mawingu meusi yanapoonekana juu ya milima, hata kama mlipo nyinyi jua linawaka. Watu saba wa kikundi cha vijana wa kanisa walichukuliwa na maji katika korongo la Hell's Gate mwezi wa Aprili, 2012, na watu saba wengine mwezi wa Septemba, 2019. Mvua iliyowaua haikuanza kunyesha juu ya vichwa vyao.

Jambo la mwisho halikuwa katika shauri la safari. Nyuma ya safu moja ya nyumba za Kaloleni upo mfereji wa maji ya mvua uliojengwa tangu zamani, ambao kwa miaka mingi ulikuwa umejaa mifuko ya plastiki, mchanga na takataka za jikoni. Kila masika maji yaliingia nyumbani mwa watu, na kila masika watu waliuliza ni kazi ya nani. Jumamosi ya pili ya mwezi wa Machi watu sita walitokea na majembe matatu, reki moja na toroli la kuazima. Hawakuita mkutano. Karani alivua koti lake akaingia mferejini wa kwanza. Kufika saa sita walikuwa watu ishirini, na wengine walikuwa ni watoto waliokuja kucheka tu, wakapewa ndoo.

Mzee hakuweza kuinama, basi alitembea juu kando ya mfereji akihesabu mashimo ya kupitishia maji, na kila shimo akaliandika namba yake ukutani kwa rangi nyeupe. Yalikuwa kumi na moja.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha usiku. Msichana alipoamka alimkuta babu yake amesimama mlangoni, kikoi mabegani, taa haikuwashwa. Alimwuliza kama kuna jambo. Mzee aliinua kidole kumnyamazisha, na wote wawili wakasikiliza maji yakipita.